Beseni la Maji Nusu

Nilimwonea wivu muuza samaki kwa sababu ya mguu mmoja, ule aliousimamia. Nasema wazi, maana nimechoka kujidanganya.

Tulikuwa wanawake sita, wote watu wazima, tukijifunza baleti katika ukumbi wa parokia hapa Kilibula, kando ya ziwa. Mwalimu wetu alijifunzia Bujumbura, penye vioo na chuma cha ukutani cha kushikilia. Sisi chuma hatukuwa nacho. Tulishikilia viti vya plastiki, na mwezi wa pili mwalimu akavitoa nje vyote.

"Kiti yenu iko ndani ya tumbo," alisema.

Tumbo langu halikuwa na kiti. Mimi ni sekretari wa shule, miaka kumi na minne nimekaa tu. Nilipanda juu ya vidole vya mguu mmoja, nikahesabu mbili, nikashika ukuta. Muuza samaki, mmoja wetu sita, aliyekuja mazoezini na harufu ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, mikononi, alipanda akabaki huko juu, akitazama dirishani kana kwamba anasubiri mteja. Hata jasho halikumtoka. Roho iliniuma, na nilipofika nyumbani niliwafokea watoto bila kosa.

Mwalimu alitaka mmoja wetu asimame mbele, peke yake, siku ya sherehe ya parokia. Niliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka tangu niolewe.

Siri ya muuza samaki niliijua. Kila asubuhi alitoka ufukweni na beseni kichwani, mikono ikining'inia. Mimi sikuwahi kubeba hata siku moja. Nilipokuwa mtoto tulikuwa na bomba uani, na mama aliamini mzigo wa kichwani ungenifanya niwe mfupi. Basi nikachukua beseni, nikatia maji nusu ili lisinielemee, nikaanza kuzunguka uani. Maji yakaenda kushoto, nami kushoto. Nililowa hadi viatu.

Kicheko kikatoka nje ya ua. Alikuwa yeye, akipita na biashara yake.

"Dada, nani alikufundisha weye kubeba maji nusu? Nusu inacheza. Jaza!"

Akaingia bila kukaribishwa, akatua mzigo wake, akalijaza beseni langu hadi ukingoni. Alisokota kitenge chake kuwa ngata, akaniwekea kichwani, akanitwisha. Kisha akanigonga chini ya mbavu.

"Usibebe na mabega. Beba na hapa. Pumua, lakini hapa ibaki nguvu."

Nilitembea, na maji yakatulia. Aliniachia ile ngata, nami nikazidi kumchukia kwa kunipa bure kitu ambacho mimi nisingempa.

Wiki hiyo mwalimu alirudisha siku ya kuchagua nyuma, kutoka Jumapili hadi Jumamosi. Muuza samaki hakuwepo alipotangaza, na simu yake ilikuwa imeharibika.

"Weye unapita kwake," mwalimu aliniambia. "Utamwambia."

Nilipita kwake mara mbili. Mara ya pili nilinunua hata ndagala. Tulizungumza juu ya mvua.

Jumamosi nilipanda juu ya vidole, nikakaza chini ya mbavu, nikabaki. Mwalimu alihesabu hadi akaacha kuhesabu. Nafasi ikawa yangu.

Kesho yake muuza samaki alikuja mlangoni kwangu na nguo zake za mazoezi, miguu imejaa vumbi.

"Minye nimekuta mulango ya ukumbi iko na kufuli. Kumbe mulichagua jana?"

"Ndiyo."

"Nani?"

Nikamwambia.

Alipiga vigelegele pale pale, majirani wakachungulia. Akanishika mikono yote miwili.

"Unaona? Ilikuwa kujaza tu!"

Siku ya sherehe alikaa mstari wa kwanza. Nilisimama kwa mguu mmoja bila kushika kitu, imara kabisa, nikitafuta mahali pa kutazama ambapo yeye hayupo. Sikupaona.