Betri za Mgongo wa Mzee

Jumamosi nilikuwa kwenye duka moja mtaani Jericho, Nairobi, nikingoja mkate. Mbele yangu mama mmoja aliyevaa nguo nyeusi aliomba betri.

"Za redio, mama?" muuzaji aliuliza, akizijaribu kwenye tochi yake.

"Za mgongo wa mzee."

Akatueleza. Mumewe aliumia kazini Industrial Area, akapelekwa ng'ambo, akatiwa waya kwenye uti wa mgongo. Umeme aliupata kwenye kiboksi cha nje, kupitia pete iliyobandikwa juu ya ngozi, na maumivu yakatulia.

"Lakini si mlishamzika Kakamega?" muuzaji akauliza.

"Tulimzika na waya zake. Kiboksi tukakisahau huku Nairobi. Nani atamwashia?"

Akatoa kiboksi mkobani, akatia betri, akaielekeza pete upande wa magharibi, kuliko Kakamega, akawasha. Redio ya duka, iliyokuwa ikitangaza mpira, ikakoroma ghafla.

"Mmesikia?" akasema taratibu. "Amegeuka. Sasa atalala."

Wasomaji, msiniandikie barua za kunisahihisha. Najua ni mawimbi ya kiboksi yaliyoingilia redio. Hotuba hiyo nilikuwa nayo mdomoni. Lakini muuzaji alikuwa ameshapunguza sauti ya redio, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa, nami nikaomba mkate wangu kwa kunong'ona.