Kabla ya Herufi, Salamu

Siku moja haijanitoka akilini, mwanangu. Hata leo nikifumba macho naiona: upepo wa kipupwe unatambaa mbugani, vumbi jekundu limening'inia hewani kama moshi wa ubani, na mbele ya kijumba cha udongo mume wangu amesimama peke yake, kengele mkononi, hana wa kumpigia.

Nilikuwa bibi harusi wakati huo. Mume wangu, Mwalimu Athumani, alikuwa kijana wa Pangani aliyesomeshwa na Mdachi, akatumwa Ugogo kufungua shule upande wa Zuzu, reli ilipokuwa ndiyo kwanza imefika. Nami nikamfuata. Wewe unayekwenda kuanza ualimu, kaa hapa kidogo unisikilize. Mzigo wa chaki ni mwepesi. Wa watoto ndio mzito.

Shule yenyewe ilikuwa tembe, nyumba ya udongo ya paa bapa, iliyojengwa kwa amri ya akida, mtawala aliyewekwa na Mdachi. Ndani giza na baridi, mlango mmoja wa kuinamia. Watoto waliletwa na askari, wakakalishwa kwa mistari, mikono nyuma, marufuku kusema Kigogo. Kiswahili hawakukijua, basi wakawa mabubu. Mume wangu hakuwa mkatili, la. Alifundisha kama alivyofundishwa. Mtoto mmoja, Mazoya, alitetemeka hata akajikojolea, na hakuna aliyethubutu kumtazama. Kesho yake hakuja mtu. Wazazi walikuwa wamewaficha watoto machungani, mbali.

Akida akaja na punda wake, akachungulia mlangoni.

"Mwalimu," akasema, "nikirudi mwezi ukiandama nikaikuta nyumba hii tupu, baba zao watakwenda kuvunja mawe ya reli."

Jirani yetu alikuwa mama mtu mzima, Mama Chilewa, bibi yake Mazoya. Ndiye aliyetuletea maziwa. Siku hiyo alinikuta jikoni nalia. Nikampa shikamoo, nikamweleza alichosema akida. Hakunipa pole. Alinishika mkono, akanipeleka kwake.

Mlangoni pake akanisimamisha. Akaniuliza nimelalaje. Mama yangu huko pwani, mzima? Mvua kwetu ilinyesha? Kisha akanitandikia ngozi karibu na moto, akanipa maziwa ya mgando katika kibuyu. Nikanywa. Moshi ulipanda polepole ukapita kwenye ufa wa paa, na mwili wangu ukalegea kama wa mtu anayeelea usingizini. Tangu nitoke Pangani, ndiyo kwanza nikajiona si mgeni.

Ndipo akasema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Umekunywa, umeota moto. Sasa nikikwambia neno litaingia. Mume wako anaanza na a, e, i. Hajamuuliza mtoto kama amelala. Kwetu hata ndama hafunguliwi kwa fimbo."

"Mwalimu anaogopa, mama."

"Na mtoto anaogopa. Waoga wawili nyumba moja, nani atamkaribisha mwenzake? Aanze mkubwa."

Jioni nilimweleza mume wangu. Aliweka tonge chini.

"Akida akisikia nasema Kigogo darasani, nitarudishwa kwetu kwa aibu."

"Na akikuta nyumba tupu, wazee hawa watapelekwa wapi?"

Akanawa mikono, akainuka. Lakini kulipopambazuka nilisikia sururu: anatoboa ukuta wa mashariki ili jua liingie. Mama Chilewa akaja na wanawake wenzake, tukakandika sakafu kwa udongo na mavi ya ng'ombe, tukawasha moto katikati. Habari akaipeleka yeye mwenyewe machungani. Waswahili husema neno la upole humtoa nyoka pangoni, sembuse mtoto.

Wakarudi mmoja mmoja, kila mtoto na kipande chake cha ngozi cha kukalia kutoka kwao. Athumani alisimama mlangoni. "Mbukwa, Mazoya," akamwamkia kwa Kigogo. Kisha akataka kumuuliza habari za ng'ombe wao, ulimi ukamkwama, akasema neno nisilolijua maana mpaka leo. Nyumba nzima ikacheka. Na yeye, mwanangu, akacheka nao. Mazoya akamsahihisha taratibu, kama mtu anayemwongoza kipofu. Wao wakampa *mvula*, yeye akawapa *mvua*, wakashangaa maneno yalivyo ndugu. Herufi zikaja baadaye, bila kuitwa.

Mwezi ukaandama, akida akafika na askari wawili. Watoto walipoona viboko wakaganda. Mume wangu akarudi nyuma hatua moja. Mazoya ndiye aliyeinuka, akaenda mlangoni kwa miguu yake myembamba.

"Karibu, bwana," akasema kwa Kiswahili. "Umelalaje? Ng'ombe wako wazima?"

Akida akainama, akaingia. Jua la asubuhi lilikuwa limemwagika sakafuni.

"Sina ng'ombe huku, mtoto," akasema. "Kwetu ni mbali."

Mazoya akavuta ngozi yake, akamtandikia karibu na moto. Na akida, ambaye watu walikimbia wakisikia punda wake, akaketi. Akasikiliza watoto wakisoma mpaka makaa yakafifia, akaondoka bila kumtaja baba wa mtu. Hakuna mzee aliyevunja mawe mwaka ule.

Mwanangu, sikwambii uache kuwaadibu. Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo, lakini mikono iwe na joto. Utangulie kufika kabla yao. Usimame mlangoni. Jua jina la kila mmoja, na neno moja la lugha anayoitumia mama yake. Ukikosea, wacha wakucheke. Na yule anayekaa nyuma kabisa, macho chini, huyo muulize kwanza kama amelala, na ungoje jibu.

Nenda sasa. Mungu akufanye kivuli wakati wa jua kali na moto wakati wa kipupwe, na mtoto yeyote atakayeingia kwako akiogopa, atoke akiwa na mahali pake hapa duniani. Amina.