Mume Wangu Yuko Qatar, Lakini Anawasha Moto Sebuleni Kwangu

Admin, jina langu lisionekane popote, maana hapa Kegonga tunajuana mpaka kuku.

Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Karungu kwenye joto la ziwa, nimeolewa huku kwenye baridi. Naishi na mama mkwe katika nyumba aliyojenga marehemu baba mkwe miaka ya sitini, yenye meko ya kuni ukutani. Mume wangu yuko Qatar. Mwaka jana alinunua meko ya gesi, ikawekwa palepale penye kuni, akataka iunganishwe na simu yake pamoja na taa na geti. Fundi alisema inawezekana, ila lazima kuwe na swichi ya kuzima kabisa hapo ukutani, ambayo simu haiwezi kuishinda. Mume wangu alikataa katakata. "Mama Robi, unataka kunifungia nje ya nyumba yangu?" Fundi akamfuata mwenye pesa.

Kusema kweli, mwanzoni nilifurahia. Jioni moto unawaka wenyewe, watoto wanapiga kelele, "Baba amefika!" Bwana naye akanogewa, akawa anawasha saa yoyote akitukumbuka, bila hata kutupigia.

Wiki iliyopita ilinyesha mchana kutwa. Mama mkwe akatandaza blanketi lake lililolowa kwenye kiti mbele ya meko, moto ukiwa umezimwa, akasinzia kando yake. Nikiwa jikoni nikasikia harufu. Moto unawaka, blanketi linafuka moshi karibu na miguu yake! Nilimvuta mama, nikakimbia nje kufunga gesi kwenye mtungi, nikarudi na ndoo ya maji.

Nikampigia. "Baba Robi, nusura umchome mama yako!"

Akacheka. "Si mko wazima? Next time msianike vitu hapo."

Hasira ikanipanda. Nikamwambia gesi haifunguliwi mpaka fundi aweke ile swichi. Tangu hapo hapokei simu zangu. Ametuma ujumbe mmoja tu, kwamba moto usipowaka Ijumaa atajua kuna mwanaume mwingine anaota hapo.

Kinachoniumiza zaidi ni mama mwenyewe. Nilidhani yuko upande wangu. Leo asubuhi amenishika mkono akasema, "Mwanangu, fungua tu. Mtoto wangu hana njia nyingine ya kuingia hapa. Mimi nitakaa mbali na huo moto."

Ijumaa ni kesho. Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngefanyaje? Niufungue mtungi niokoe ndoa, au niuache umefungwa nimlinde mama ambaye mwenyewe hataki kulindwa?