Nilivyoingia kwa game ya simu kumchunguza mke wangu, ikanifikisha Homa Bay

Wakuu, salamu kwenu nyote, mliooa, mlioolewa na mnaoangalia tu.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa. Anayetaka kucheka acheke. Mke wangu ameshausoma huu uzi kabla sijaubandika na amecheka mpaka akashika ukuta.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mkuria wa upande wa Kegonga, kinyozi hapa Migori mjini. Mke wangu, Awuor, ni Mjaluo wa Macalder, fundi wa nguo. Maduka yetu yamepakana, katikati ni ukuta wa mabati tu. Tuna mtoto mmoja, Hawi, kwa hivyo mimi ni Baba Hawi na yeye ni Mama Hawi.

Nyumbani tunaongea Kiswahili. Kikuria chake ni cha kumsalimia mama mkwe, na Kidholuo changu ni cha kununua samaki.

Shikeni hapo, maana moto ulianzia hapo.

Shule zikishafunguliwa na sare zikaisha kushonwa, kazi ya fundi huwa inalala. Awuor akaweka game kwa simu. Mnaijua hiyo, ile ya kushuka na parachuti kisiwani, mnaokota bunduki, mnapigana hadi kibaki kikosi kimoja. Vijana wangu wa kinyozi wanaicheza wakingoja zamu.

Nilimwambia, "Mama Hawi, hiyo si ya watoto?"

Akaniangalia tu, akarudi kwa simu yake.

Sikufikiria tena. Nilidhani ni kitu cha wiki moja kama vile alivyowahi kuanza kufuga kware.

Basi siku moja mchana nikasikia anacheka huko ng'ambo ya mabati.

Wakuu, kuna kucheka na kucheka. Huyu alikuwa anacheka kile kicheko alichokuwa nacho wakati namtongoza. Nilikuwa na kichwa cha mteja mkononi, nikazima mashine ili nisikie vizuri.

Alikuwa anaongea Kidholuo na mtu kwa headset. Haraka haraka, sishiki kitu. Nikashika maneno mawili tu. La kwanza "Jakom", ambalo hata mimi najua ni mwenyekiti. La pili "ahero".

Nikamuuliza mteja wangu, mzee mmoja wa Rongo, "Mzee, ahero ni nini?"

Akasema, "Ni napenda."

"Napenda nini?"

"Hiyo sasa inategemea nani anamwambia nani."

Yule mzee nilimnyoa vibaya, Mungu anisamehe.

Kuanzia hapo nikawa na macho ya paka. Nikaona kwa simu yake, yule mtu anayemchezesha ndani ya game anabadilisha nguo. Mara koti la chui, mara mabawa ya dhahabu mgongoni, mara pikipiki inayowaka moto. Nikamuuliza kijana mmoja wa kinyozi hizo vitu zinatoka wapi.

Akasema, "Hizo ni skin, boss. Game yenyewe ni bure. Wanakula pesa kwa nguo. Unanunua almasi, almasi unanunulia nguo. Hayo mabawa si ya mtu wa kawaida."

"Yanakusaidia kupiga risasi vizuri?"

"Hapana. Yanakusaidia kuonekana."

Nikajua moja kwa moja. Mke wangu hangenunua hayo mabawa, kwa sababu Awuor ni mtu anayepima sabuni ya kipande na rula. Kuna mtu alikuwa anamvisha. Mimi mume mtu nimemnunulia kitenge Krismasi, na kuna mwanaume Homa Bay anamvisha mabawa ya dhahabu.

Homa Bay nilijua kwa sababu Awuor mwenyewe alisema, bila kuficha. "Huyo ni Jakom, ndiye kiongozi wa squad. Ana duka la simu Homa Bay."

Hakuficha chochote. Hiyo ndiyo ilinichoma zaidi. Mtu anayeficha unaweza kumshika.

Ngoja niwaambie nilichofanya. Niliweka hiyo game kwa simu yangu. Nikajiita FadeMaster, kwa sababu ya kazi. Nikamtafuta kwa jina lake la huko, NyarMacalder, binti wa Macalder. Nikamtumia ombi la urafiki, nikaandika kwamba mimi ni mgeni kwa game, naomba kufundishwa. Mic yangu nikazima.

Akanikubali. Nikafurahi, halafu nikakasirika. Yaani anakubali wanaume hivi hivi?

Tulishuka kisiwani. Wakuu, mimi sijui hiyo kitu. Nilipiga risasi ukuta. Nilijirushia bomu miguuni. Mara ya kwanza niliangushwa kabla sijajua bunduki inaokotwaje.

Nikasikia sauti yake sikioni, kwa Kiswahili, "Fade, usijali. Kila mtu alianza hivyo. Kaa nyuma yangu, nikisema twende tunaenda. Sitakuacha."

Sitakuacha!

Mimi niko kwa kiti changu cha kinyozi, yeye yuko ng'ambo ya mabati kwa cherehani yake, na anamwambia mwanaume asiyemjua kwamba hatamwacha.

Siku zilizofuata nikaingia tena na tena. Yeye ananifundisha. Pole pole, bila hasira. "Umefanya vizuri, Fade." "Fade, hiyo ilikuwa nzuri sana." Nyumbani jioni ananiambia, "Baba Hawi, takataka imejaa."

Nilianza kumchukia huyo FadeMaster, na ni mimi.

Jakom naye alikuwa anaingia. Akiingia wanabadilisha lugha, wanaenda Kidholuo, wanacheka, mimi nabaki kama mbuzi kwa arusi. Siku moja nikamsikia tena vizuri, "Jakom, ahero tugo kodi." Sikuelewa yote. Ile ahero ilinitosha.

Halafu akaja na habari. "Baba Hawi, Jumamosi kuna tournament Homa Bay. Squad yetu inacheza. Hawi ataenda kwa shosho yake. Utakuja?"

Nikasema, "Jumamosi ni siku ya vichwa."

"Sawa," akasema. Na akaanza kupiga pasi nguo. Ilikuwa ile blauzi yake ya kijani ya kutokea.

Alipoondoka Jumamosi asubuhi nilinyoa watu wawili. Wa tatu nikamwambia umeme una shida. Nikafunga, nikapanda gari la Homa Bay. Kichwani nilikuwa nimeshapanga maneno yote ya kumwambia Jakom. Mengine nilikuwa nimeyapanga kwa Kikuria kwa sababu Kiswahili hakina ukali wa kutosha.

Tournament ilikuwa kwa ukumbi wa kukodi, si mbali na ziwa. Vijana wamejaa, screen kubwa ukutani, joto, harufu ya omena ya mtu aliyepitia sokoni. Mlangoni kulikuwa na mama mmoja mjamzito, mnene kidogo, anauza soda na kuonyesha watu pa kukaa.

Akaniuliza, "Unacheza ama unaangalia?"

"Namtafuta mtu. Anaitwa Jakom."

"Ni bwana yangu. Yuko kule anafunga waya. Wewe ni nani?"

Sikuwa nimepanga kuwa Jakom ana bibi. Nikasema polepole, "Mimi ni bwana ya NyarMacalder."

Huyo mama akapiga makofi. "Kumbe! Aliniambia hutakuja. Kaa hapa karibu na mimi."

Nikakaa. Akanifungulia soda. Nikaona nisipouliza sasa nitapasuka, nikamwambia, "Mama, hujali? Bwana yako anamnunulia bibi yangu mabawa."

Aliniangalia kwanza kama mtu anayeangalia mtoto mwenye homa.

"Mabawa? Hayo nilichagua mimi. Hata koti la chui ni mimi. Bwana yangu alitaka kumpa kofia ya pembe, mbaya sana, nikakataa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu tunauza almasi, shem. Hiyo ndiyo biashara yetu, simu ni kisingizio. Biashara ya samaki tuliwacha kisiwani Mfangano. Sasa angalia, mtoto akiona mchezaji wa kawaida amevaa mabawa, hajali. Akiona NyarMacalder ameyavaa na amemaliza watu wanne peke yake, kesho yuko dukani kwetu anataka kama hayo. Na mtoto akinunua akitaja jina la NyarMacalder, bibi yako anapata kitu chake. Hakukuambia?"

Hakuniambia.

Halafu nikakumbuka kwamba sikumuuliza. Nilisema ni ya watoto, akanyamaza.

Nikauliza la mwisho. "Na 'ahero tugo kodi' ni nini?"

"Ni napenda kucheza na wewe. Hata mimi nimeambiwa hivyo na yeye. Hata sijui kucheza." Akacheka mpaka tumbo likamsumbua.

Mnadhani wivu uliisha hapo? Nami nilidhani hivyo.

Mechi ya mwisho ikaanza. Awuor amekaa mbele na simu yake, headset kichwani, ile blauzi ya kijani. Vikosi vinapungua. Kikosi chao kikaanguka mmoja mmoja, Jakom akawa wa kwanza kufa, jamaa mrefu mwembamba wa kawaida kabisa, hata hajanyolewa vizuri. Akabaki Awuor peke yake dhidi ya watu wawili.

Ukumbi wote ukaanza kuimba. "Nyar! Nyar! Nyar!"

Vijana wamesimama juu ya viti. Wanaume wazima wanashika vichwa. Na yeye hata hasikii, amekaza midomo vile anavyoikaza akipitisha uzi kwa sindano.

Mimi nimelala nyumba moja na huyu mwanamke miaka yote hii, na watu wote kwa ule ukumbi walikuwa wanajua kitu chake ambacho mimi sikijui. Nilimwonea wivu kila aliyekuwa pale, hata watoto.

Akaangusha mmoja. Wa pili akamwangusha yeye. Wakawa namba mbili.

Watu walimshangilia kuliko walioshinda. Akavua headset, akageuka, akaniona.

"Baba Hawi? Umefunga kinyozi?"

"Nimefunga."

"Jumamosi?"

"Jumamosi."

Alinishika mkono mbele ya watu wote, na yeye si mtu wa kushikana mikono.

Baadaye tulienda kula samaki karibu na ziwa, sisi wawili tu. Nikajikaza, nikamwambia, "Mama Hawi, kwa nini hunisemeshi vile unavyowasemesha watu wa kwa game?"

"Watu gani?"

"Kuna huyo mgeni. Unamwambia hutamwacha."

Akaweka samaki chini. "Fade?"

Nikainamia sahani yangu.

"Baba Hawi, nilijua ni wewe tangu siku ya pili. Nani mwingine akiuawa kwa game nasikia matusi ya Kikuria kupitia mabati?"

Wakuu, nilitaka ziwa linimeze.

"Sasa kwa nini hukusema?"

Akachokoa mwiba mmoja. Halafu akasema, "Kwa sababu huko ulikuwa unanisikiliza. Nikisema kaa, unakaa. Nikisema njia ni hii, unafuata. Nyumbani umewahi kuniuliza njia lini? Nilijua nikisema utatoka, na mimi nilikuwa nimezoea kuwa na wewe mchana."

Nikamsogezea kipande cha samaki kisicho na mwiba.

Tulirudi Migori pamoja. Siku hizi mic yangu iko wazi, na ukuta wa mabati tumeutoboa dirisha dogo, ananipitishia chai. Pale kwake pia anauza almasi, amewekewa kona na watu wa Homa Bay. Bado nacheza vibaya. Na kadhaa wa wale vijana wanaokuja kunyolewa kwangu, najua wazi wanakuja kumwona yeye. Roho inauma kila siku, sitawadanganya.

Juzi amekaa kwa kiti changu kijana mgeni, hajui lolote. Macho yote yako kwa lile dirisha. Akaniambia, "Boss, NyarMacalder nasikia ameolewa. Huyo jamaa ana bahati sana. Unamjua?"

Mashine ilikuwa shingoni mwake.

Nikamwambia, "Namjua. Ni mtu wa kawaida, lakini ana wivu mbaya sana. Inamisha kichwa."

Kutoka ng'ambo nikasikia cherehani imesimama, na mtu anajizuia kucheka.

Nilichojifunza, wakuu, ni kidogo tu. Nilimchunguza mke wangu wiki nzima kwa jina la uongo, nikijificha nyuma ya mawe ya kisiwa, wakati angenijibu kila kitu kama ningegonga bati na kumuuliza. Wivu haujaniisha, lakini sasa angalau namuuliza.

Wale ambao wake zenu ama waume zenu wanajulikana nje kuliko ninyi, mnaishi nao vipi? Na kama kuna mtu hapa anajua namna ya kuacha kujirushia bomu miguuni, aandike pia, kikosi kimechoka na mimi.