Injini Kubwa, na Watu Kisimani Kwangu

Nilirudi nyumbani nikakuta watu wananitafuta ndani ya kisima changu.

Sikutanii. Mtu mmoja ameshateremshwa kwa kamba, wanaume wameishikilia juu, na wanawake wamekaa chini ya mpera wameshika tama. Jamvi la msikitini limeshaletwa, limeegemezwa ukutani kwangu.

Nikasogea nyuma ya umati.

"Kuna nini hapa?"

Mtu aliyekuwa mbele yangu hakugeuza hata shingo. "Mzee Saud kafa maji."

"Saud yupi?"

"Yule Mwarabu wa trekta. Jeuri yule, lakini hakuwa mtu mbaya, maskini."

Ngoja nianze mwanzo, maana nshawasikia mnacheka.

Mimi ni mtu wa Mkunazini, mjini. Mchana nilibeba mizigo bandarini, usiku nikasoma skuli ya usiku. Mpaka leo kitabu cha Kiingereza nakisoma na kamusi ubavuni, neno kwa neno, mpaka kikubali.

Mke wangu Sheikha alipofariki, nyumba ya mjini ilinishinda. Kila ngazi nikiikanyaga nilisikia miguu yake. Nikahamia kijijini Dole, kwenye kishamba alichoniachia baba, nikajitia ukulima. Binti yetu, Dalal, yuko Maskati. Hupiga simu Ijumaa, mtandao ukimruhusu.

Trekta nililipata kwenye hoteli moja ya Uroa iliyofunga milango. Trekta dogo la bustani, la kukatia majani, la zamani karibu kama mimi. Kiti cha chuma, pua ndefu, wekundu uliofifia ukawa rangi ya udongo. Nikalifungia tela, likawa linabeba ndizi na muhogo wangu.

Ila injini yake ilikuwa ndogo. Moshi mwingi, nguvu hamna. Kwenye tambarare linakwenda. Likifika kwenye mwinuko wa msikitini, njiani kwenda barabara kuu, mbele ya nyumba ya Bi Kidawa, linakohoa, linatetemeka, linazima.

Kila asubuhi. Mahali palepale.

Hapo sasa ndipo majirani wanapotoka.

"Mzee, mpe majani huyo punda, kagoma!" Huyo ni Amour, fundi baiskeli.

"Uza, Mzee Saud, ununue mbuzi! Mbuzi atapanda!" Huyo ni Borafya, mkwezi wa minazi.

Wanasukuma huku wanacheka. Na Bi Kidawa, bibi mkubwa kuliko sisi sote, macho yameingia ukungu, yuko barazani na dele lake la kahawa.

"Saud! Shuka unywe kahawa, hicho kidude kipoe."

Nilikuwa nikishuka, nikinywa. Lakini roho ikiniuma. Mtu mzima, nimesoma, nasukumwa kama mkokoteni wa samaki!

Nikaapa kwamba sitasukumwa tena.

Hoteli nyingine, huko Nungwi, walikuwa na jenereta lililoungua upande wa umeme. Injini yake nzima. Kubwa, na ina sailensa ya nguvu, kwa sababu wageni hawataki kelele. Nikaichukua.

Tangu Sheikha aondoke, sijapata kazi iliyonishika kama ile. Matundu ya boliti hayakulingana, nikakata bamba la chuma, nikalitoboa upya, nikaikalisha injini juu yake. Shafti ilikuwa nene kuliko tundu la puli ya zamani, nikaipeleka puli mjini ikatanuliwa kwenye kerezo, mashine ya kuchongea chuma. Mkanda ukawa mfupi, nikatafuta mrefu. Boneti likakataa kufunga, nikalikata shimo, injini ikachungulia juu kama nundu ya ngamia.

Nilipoiwasha, iliguna mara moja, kisha ikanong'ona.

Nikageuka mlangoni, nikaita, "Sheikha! Njoo uone!"

Mdomo ulitangulia akili. Nikasimama pale na spana mkononi mpaka injini ikapata moto.

Nyuma ya shamba langu kuna njia ya mkato, inapanda kwenye mikarafuu hadi barabara kuu. Ni kali, trekta la zamani lisingethubutu. Hili jipya lilipanda kama linateremka. Basi njia ya msikitini nikaiacha. Magoti yangu mabovu, naswali nyumbani, na Ijumaa hupenda kuswali mjini, Malindi, nilikozoea. Kwa hiyo sikuwa na haja na mwinuko ule wala watu wake.

Nilijionea fahari nafsi yangu. Kwa siku chache.

Halafu nikaona hakuna anayekuja. Nikajipikia kahawa, haikuwa na ladha, nikalaumu buni. Siku moja nikajishika natoa salamu kwa mgomba, na nangoja uitikie. Nikasema moyoni: binadamu ndio hao. Walinitaka kwa kunicheka tu. Kicheko kimekwisha, na wao wamekwisha.

Siku ya kisa chenyewe nilivua makubadhi kisimani, nikavaa buti, nikapeleka ndizi kwa mnunuzi kwenye barabara kuu. Mnunuzi akakawia. Nami nikakawia.

Narudi, ndio nakuta msiba wangu.

Sauti ya Borafya ikatoka chini kisimani: "Hamna mtu! Kuna ndoo tu!"

"Tafuta vizuri!" Amour kajibu, machozi yanamtiririka. "Yule mzito, yuko chini kabisa!"

Nikashindwa kuvumilia. "Borafya, toka humo! Unanitilia matope maji yangu."

Waligeuka wote kwa pamoja. Kamba ikawaponyoka. Chini kukasikika kishindo, kisha matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Walipomvuta Borafya, amelowa chepechepe, umati ukapasuka katikati. Bi Kidawa alikuja na bakora yake, akanipapasa uso kwa kiganja. Pua, ndevu, shavu.

Kisha kwa kiganja kilekile akanipiga kofi.

"Mwanahizaya weye! Ulikuwa wapi?"

"Nipo, Bi Kidawa. Kila siku napita, kwa nyuma."

"Kwa nyuma! Na mie nakaa na dele mpaka kahawa inapoa, nasikiliza. Kidude chako kikikohoa, najua Saud kaamka salama, namwambia Amour akakusukume. Nikangoja, nikangoja. Leo nikasema, basi, kimya hichi si cha mtu aliye hai. Wamekuja wamekuta makubadhi kisimani."

Nikamtazama Amour. "Kumbe huwa unatumwa?"

"Sasa Mzee, ulidhani naacha pancha za watu kila asubuhi kwa kupenda moshi wako?"

 Mimi, mwenye kamusi mbili nyumbani, nilikosa neno moja. Nikajifanya nakagua kamba ya kisima, maana macho yalikuwa yananiwasha.

Asubuhi yake niliingia kazini na spana. Sailensa nikaifungua, nikaitupa banda la kuku. Nikatafuta bomba la moshi la zamani, lenye kutu na matundu, nikalifunga kwenye injini kubwa. Nilipowasha, kuku waliruka uzio.

Nikashika njia ya msikitini.

Nilijua vizuri kwamba injini ile ingeupanda mwinuko bila hata kuguna. Kwa hiyo nilipofika chini yake, nilipeleka mkono chini ya tangi, polepole, nikafunga koki ya petroli.

Likapanda kidogo. Likakohoa. Likatetemeka. Likazima.

Amour akaja anajifuta mikono, Borafya nyuma yake. Amour akainama, akachungulia chini ya tangi, akainuka.

"Mzee. Mbona koki imefungwa?"

"Fundi baiskeli weye, petroli umeijulia wapi? Sukuma."

Akanitazama. Akamtazama Bi Kidawa barazani. Akatia mikono nyuma ya tela, anacheka peke yake.

"Haya, Borafya! Punda karudi!"

"Saud!" ikaja sauti ya barazani. "Shuka unywe kahawa."

"Naam, Bi Kidawa. Naja."

Ewe unayenisoma, uliyejitosheleza kwa kila kitu, sikwambii uuze injini yako kubwa. Mimi yangu ninayo, na ni nzuri.

Nakwambia tu ujue koki yake iko wapi.