Amri Niliyosahau Kuiwasha

Baba mmoja alinisubiri mlangoni pa ofisi yetu, Chapwa, tangu kulipopambazuka. Nilipofika nilimpa kiti lakini hakukaa. Alikuwa mfugaji wa Kisukuma kutoka bondeni Momba, mtu wa makamo, viatu vyake vya matairi vimejaa vumbi la safari. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akatoa mfukoni simu ndogo iliyofungwa kwa mpira ili betri isidondoke, akaiweka mbele yangu.

"Binti," alisema, "nimeambiwa wewe ndiye unayetutumia hizi meseji. Nimekuja kukuomba uache. Mtoto tulishamzika."

Miaka hiyo bado tulikuwa mkoa wa Mbeya, kabla haujagawanywa. Nilikuwa nimesomea kompyuta, na kazi yangu ya kwanza ikanileta Tunduma, kwenye mradi uliokusanya taarifa za kliniki za watoto kutoka zahanati za milimani na za bondeni. Wazazi wangu ni wakulima wa kahawa Isansa. Hawakuielewa vizuri kazi yenyewe. Mama aliwaambia wenzake kanisani kwamba mwanawe anaandika watoto. Hakukosea sana. Kila mtoto alikuwa na mstari wake kwenye hifadhidata niliyoitengeneza, na mstari huo ulibeba jina lake, chanjo zake, uzito wake na namba ya simu ya mzazi.

Ndani ya hifadhidata hiyo niliweka amri tatu ambazo sisi wa kazi hiyo tunaziita triga. Triga haisubiri mtu aiendeshe. Imelala humo humo kwenye data, na mstari ukibadilika inaamka na kufanya ilichoagizwa. Mtoto akiandikwa kachanjwa, triga ya kwanza inapanga tarehe yake inayofuata. Mzazi akibadilisha namba ya simu, ya pili inairekebisha kila mahali ilipoandikwa. Mtoto akiandikwa amefariki, ya tatu inafuta tarehe zake zote za mbele. Mbali na hizo kulikuwa na kazi ya ratiba, ambayo ilijiendesha yenyewe kila siku saa moja asubuhi. Ilipita kwenye orodha nzima, na mzazi wa kila mtoto aliyepitwa na tarehe alitumiwa ujumbe. Maneno ya ujumbe huo niliyatunga mimi. "Mzazi wa," kisha jina la mtoto, kisha "mtoto wako hajafika kliniki. Tunamsubiri." Lile neno la mwisho nililipenda. Niliona linaonyesha kwamba tunajali.

Yule baba alinieleza bila kupandisha sauti. Mtoto wao, wa kiume, wa kwanza, alishikwa na homa kali wakati wa mvua, wakamkimbiza zahanati, akafia pale pale. Muuguzi wa zahanati aliandika kifo hicho mbele yao. Meseji zikaanza baada ya matanga, na sasa zilikuwa zimeingia wiki ya tisa, kila siku moja. Mkewe hakujua kusoma, lakini jina la mtoto alilijua lilivyo kwa macho, maana alilizoea kwenye kadi ya kliniki; maneno mengine alisomewa na mumewe. Kwao mtandao ulishika sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya zizi. Kila asubuhi mama huyo alipanda kichuguu na simu mkononi. Ikilia, alirudi nyumbani na kukaa. Hapiki, hachoti maji, hasemi na mtu.

"Nilizifuta zote," baba alisema. "Kesho yake ikaja nyingine."

Nilimwahidi haitakuja tena. Mbele yake nilitafuta mstari wa mwanawe nikaukuta. Penye hali ya mtoto paliandikwa: amefariki. Kumbe taarifa ilifika kwetu, na ilifika mapema. Lakini chini yake tarehe za kliniki zilikuwa zimejipanga, haikufutwa hata moja. Nilizifuta kwa mkono wangu. Baba alinishukuru, akafunga simu yake kwa mpira, akaondoka kuwahi gari la kurudi bondeni. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia nilichokwisha kuanza kukihisi.

Miezi michache nyuma tulipokea faili kubwa la taarifa kutoka madaftari ya zahanati za bondeni, kila kitu kwa mkupuo. Umeme ulikuwa unakatika mara kwa mara, na kila ulipokatika kazi ilianza upya. Triga zilichelewesha mambo, kwa sababu kila mstari ulioingia uliziamsha. Basi nikazizima zote tatu, nikapakia faili, likaingia lote kabla umeme haujakatika. Nikafurahi. Kisha nikawasha triga ya kwanza, nikawasha ya pili, na kuna mtu aliniita kuhusu karatasi za mashine ya kuchapa. Niliporudi kwenye kiti nilianza kazi nyingine.

Siku ile, baada ya baba kuondoka, nilifungua orodha ya triga. Ya tatu ilikuwa imezimwa, na ilikuwa imezimwa siku zote hizo. Kwa kuwa zile mbili zilifanya kazi vizuri, hakuna aliyeshtuka. Niliiwasha. Lakini triga ikiwashwa hairudi nyuma kutafuta yaliyopita ilipokuwa imezimwa. Inaona yatakayokuja tu. Ilibidi nipekue mwenyewe, mstari kwa mstari, na nilipomaliza niliwapata watoto saba waliofariki ambao bado tulikuwa tunawasubiri.

Nilikwenda kumwambia muuguzi aliyesimamia mradi, mama wa Kinamwanga ambaye wote tulimwogopa kidogo. Nilitegemea atanifokea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge chake kwa muda mrefu.

"Kompyuta haikumuua mtoto, mwanangu," alisema. "Lakini kwa hao watu tutakwenda."

Wengine tuliwapigia simu kwa sababu walikuwa mbali mno. Baba mmoja alinitukana, nikamsikiliza mpaka akachoka. Mama mmoja wa Hasamba aliniombea. Namba moja ilipokelewa na mtu aliyesema aliokota laini, hamjui mtoto yeyote. Kwa yule mama wa kichuguu tulikwenda wenyewe, kwa pikipiki ya mradi, mimi nimeshika kiuno cha muuguzi kwenye mteremko wa kwenda bondeni, joto likizidi kadiri tulivyoshuka.

Tulimkuta amekaa mbele ya nyumba akipeta mchele. Alikuwa rika langu, labda mdogo kwangu. Mumewe alikuwa malishoni. Tulimpa pole, akatutandikia mkeka. Muuguzi alinitazama, nikajua ni zamu yangu. Nilimweleza kwa maneno mepesi niliyoweza kupata: kwamba hakuna mtu aliyekaa asubuhi na kuamua kumwandikia, mashine ilifanya hivyo yenyewe, na mimi ndiye niliyesahau kuiwasha amri ya kuizuia. Aliendelea kupeta huku akinisikiliza.

"Kwa hiyo hukuwa unajua," alisema.

"Sikujua, dada."

"Mimi nilidhani mnajua, halafu mnamsubiri tu."

Muuguzi alimwomba msamaha kwa niaba yetu sote. Mama yule aliweka ungo chini. Alituambia kwamba alipozaa, watu wote pale nyumbani walianza kumwita kwa jina la mtoto, mama fulani, kuanzia mkwewe hadi mawifi. Baada ya mazishi wakarudia jina lake la usichana, bila kukaa kikao, ili wasimtoneshe. Hawakuwa na nia mbaya.

"Hakuna anayeniita mama yake tena," alisema. "Ilikuwa ni hiyo simu tu."

Alikuwa akinitazama mimi. Kisha aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu kidogo, kama naweza kumrudishia meseji moja, kwa sababu mume alizifuta zote. Nilisema nitajaribu. Njia nzima ya kupanda mlima nilihisi mgongo wa muuguzi ukitikisika, nikajua analia.

Nilikaa siku mbili na ombi lile. Nilikuwa nimeapa kwamba ofisi yetu haitatuma tena kitu chochote kwenye namba ile. Mwishowe nilitumia simu yangu mwenyewe. Niliandika "Mama," nikaandika jina la mtoto kwa herufi kubwa kama lilivyokuwa kwenye kadi, nikaongeza kwamba tunamkumbuka. Nikatuma.

Ilipita wiki nzima ndipo nikabipiwa na namba ile. Nilipiga. Nilisikia upepo na kengele za ng'ombe, na mtu anayehema kama aliyetoka kupanda mahali.

"Imefika," alisema, akakata.

Baada ya mavuno ya mpunga familia ile ilihama na mifugo yake kuelekea upande wa Rukwa, muuguzi wa zahanati alituarifu hivyo. Nilibadilisha utaratibu wa kazi. Triga ya vifo sasa, pamoja na kufuta tarehe, iliweka jina la mzazi kwenye orodha ya muuguzi wa eneo, ili mtu mwenye miguu aende kuwaona. Wengi walikwenda. Baadhi hawakwenda, na sikuwa na amri ya kuwalazimisha. Mradi ulipofungwa kompyuta zilichukuliwa, nami nikahamia kazi nyingine hapa hapa mjini.

Nilimpigia yule mama mara tatu katika mwaka uliofuata, nikitaka kujua kama amepata mtoto mwingine, na watu wanamwitaje sasa. Mara zote tatu niliambiwa namba haipatikani.