Mtoto wa Profesa

Kwa miaka mingi Stany, karani wa mtaa wa Dilala, kila Jumamosi aligeuka kuwa Profesa. Katika mchezo wa kuchekesha wa redio ya mtaa, Profesa na rafiki zake walipenda kompyuta na nyota kuliko chakula. Hakukuwa na swali lililomshinda, na majibu yake marefu yaliwachekesha wasikilizaji mpaka machozi yakawatoka.

Lakini Huguette, mtunzi wa mchezo, hakutaka wahusika wake wabaki vijana milele. Mmoja akaoa, mwingine akahamia mji wa Sandoa. Mwaka huu Profesa akapata mtoto.

Siku ya kipindi hicho, studioni, Fidélie, aliyeigiza mke wa Profesa, alimuuliza, "Huyu mutoto atakuwa nani?"

Stany akasoma jibu lake, fupi kuliko yote ya Profesa. "Mi sijue."

Hakuna aliyecheka. Huguette alikuwa amefumba macho. Stany, ambaye hakujaliwa mtoto, alihisi mikono yake imekuwa mizito, kana kwamba amepakatishwa kitu chenye joto kinachopumua.

Baada ya kipindi kurushwa hewani, alipanda pikipiki ya abiria kurudi nyumbani. Vumbi la migodini lilikuwa limetanda jekundu juu ya barabara, na nyumba zilielea ndani yake kama za ndotoni. Alipotaja anapokwenda, dereva aliitambua sauti ya redioni.

"Tata Profesa," akamuuliza taratibu, kama anayemwita baba yake, "mutoto analala?"

Stany alitaka kucheka, ila kicheko hakikuja.

"Analala," akasema kwa sauti ya chini, na dereva akapunguza mwendo.